Getruda na Mbwa wa Mashineni

Habari aliileta Gladness, Jumamosi asubuhi, kwenye foleni ya bomba, kabla hata hajatua ndoo chini.

"Mmesikia? Dawa ya yule mama wa dagaa imemgeuka. Jana mbwa wake mwenyewe wamemtafuna mkono."

Wanawake waliokuwa wamekalia madumu yao waligeuza shingo. Hakuna aliyeuliza ni mama yupi. Upande ule wa Igoma kila mtu alimjua Getruda, mwanamke mrefu wa makamo, beseni la dagaa kichwani, harufu ya dagaa ikimtangulia hatua ishirini. Na kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mbwa wa mashineni, wale wanaokimbiza mpaka wenye baiskeli, walivyokuwa wakimtazama tu akipita.

"Alikuwa anawafunga midomo," Gladness akaendelea. "Mimi niliambiwa siku nyingi. Alimtoa mtoto. Mtoto wa kumzaa mwenyewe alikufa kwa mbwa, na tangu hapo mbwa hawamgusi. Sasa makubaliano yamekwisha, wanadai chao."

"Wewe Gladness, hayo uliyaona?"

"Lisemwalo lipo, shoga. Kama halipo laja."

Shamsia alikuwa wa nne kwenye foleni, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine umemshika bintiye Nusrat. Na yeye ndiye aliyekuwepo. Yeye ndiye aliyeishika kadi ya hospitali ya Getruda, ilikuwa nyumbani kwake ndani ya msahafu, mahali ambapo hapapotei kitu. Kadi ilikuwa na tarehe nne. Ya kwanza ilikuwa imepigwa muhuri jana. Ya pili ni Jumatatu, ya tatu Ijumaa, na ya mwisho mpaka wiki nne zitimie. Nesi alikuwa amemwambia akimtazama yeye, si mgonjwa: "Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, dada. Kinga ni sasa. Asikose hata moja."

Angeweza kuyasema hayo pale bombani. Lakini ili aseme Getruda aliumwaje, ingebidi aseme kwanza ni nani aliyekimbia. Akakinga ndoo zamu yake ilipofika, akaondoka.

*

Shamsia na Getruda walijuana kwa sababu ya njia.

Nusrat alipoanza darasa la awali mwezi wa kwanza, Shamsia ndiye aliyempeleka kila asubuhi, kwa kuwa mumewe Salehe alikuwa akiwahi karakana kuchomelea madirisha. Kwenda shule kulikuwa na njia mbili. Moja ni barabara kuu ya Musoma, yenye malori na pikipiki zinazopita pembeni kama hapana watu. Nyingine inapita nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kati ya ukuta na vilima vya pumba. Hiyo ni fupi, haina gari, ila ina mbwa wanne. Mlinzi huwafungulia jioni, na asubuhi, saa ya watoto kwenda shule, yeye mwenyewe bado amelala.

Wiki ya kwanza Shamsia alibeba mawe kwenye ncha ya khanga. Alirusha, mbwa wakazidi. Siku moja waliwabana ukutani, yeye na mtoto, Nusrat amempanda mpaka mabegani, mpaka alipopita mtu wa mkokoteni. Usiku ule mtoto alikojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu ana miaka mitatu. Asubuhi akakataa kuvaa viatu. "Sitaki shule ya mbwa," akasema.

Wakaenda hivyo hivyo, mtoto akivutwa. Mbwa wakatoka kwenye pumba wakibweka. Shamsia akageuka ili akimbie, na nyuma yake akasikia sauti nzito ya kike, isiyo na haraka:

"Usikimbie. Simama hapo ulipo, mwanangu. Mweke mtoto nyuma yako."

Alikuwa Getruda. Alilitua beseni kutoka kichwani, akalishika mbele ya magoti yake kama mtu anayetaka kukuonyesha kilichomo. Hakuwakabili mbwa kifua kwa kifua, alisimama ubavu. Hakuwatazama machoni, alitazama vumbi la miguuni mwao. Akasema, kwa sauti ya kusemesha ng'ombe anayekamuliwa, "Rudini. Rudini kwenu." Mbwa wawili wakanyamaza. Mkubwa wao, mweusi mwenye sikio lililochanika, akasogea bado. Getruda akainama polepole kama anayeokota kitu. Yule mbwa akaruka nyuma hatua tatu.

Hapakuwa na jiwe pale. Palikuwa na pumba tupu.

"Mbwa yeyote wa nchi hii anajua mtu akiinama anatafuta nini," alisema Getruda. "Sasa twende. Taratibu. Usiwape mgongo mpaka tufike kona."

Wakaenda kinyumenyume, watu watatu na beseni la dagaa, mpaka kona. Hapo Shamsia akakumbuka adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto anaitwa nani?"

"Nusrat."

"Nusrat, nionyeshe mikono. Iko mingapi? Miwili. Basi hakuna aliyekula mkono. Nenda shule."

Kuanzia hapo wakawa wanaongozana. Getruda alitoka na dagaa zake saa kumi na mbili na nusu, na Shamsia akajifunza kuiwahi saa hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno alilitua chini kabla ya kushika lingine. Siku moja Shamsia alimuuliza, kwa kuzunguka, kile ambacho mtaa mzima ulitaka kukijua.

"Mama, eti watu wanasema una dawa."

"Wanasema nawapa nini?"

"Sijui. Wengine wanasema unawatupia dagaa."

"Sijawahi kumpa mbwa hata dagaa mmoja. Ukimpa leo, kesho atadai kwa mtoto wa mwenzio." Akatembea kidogo. "Miaka kumi na moja napita hapa, na hawajawahi kuniona nikikimbia hata mara moja. Basi. Mbwa anapenda kitu kinachokimbia, kama paka anavyopenda kamba inayovutwa. Wewe kuwa gogo."

"Na akikuangusha?"

"Ukiangushwa, jikunje kama mtoto tumboni. Mikono hapa," akajishika shingo na masikio. "Mtoto mlalie. Usipige kelele. Atanusa, atakuchoka, ataondoka. Na siku zote uwe na kitu cha kuweka katikati. Mkoba, mwavuli, ndoo. Mbwa akishapata cha kung'ata, ang'ate hicho."

Nusrat aliyasikia yote hayo. Nyumbani alimfundisha mdoli wake kuwa gogo. Akaacha kukojoa kitandani.

Lilikuwepo jambo moja tu ambalo Getruda alilisema akiwa amesimama kabisa, beseni likiwa bado kichwani. "Hawa wanaobweka wanaongea na wewe. Wanakwambia sogea, hapa kwetu. Wanasikilizana na mtu. Lakini ukimwona asiyebweka, anayekwenda kama mlevi, udenda unamtoka, huyo haongei na mtu tena. Huyo ingia ndani ufunge mlango. Kama hakuna mlango, weka kitu kati yako na yeye, na usikiachie."

"Umewahi kumwona?"

"Tembea, mtoto atachelewa."

*

Ijumaa ile njia ilikuwa kimya. Shamsia alikumbuka baadaye kwamba ukimya ule ulikuwa wa kutilia shaka. Mbwa wanne wa mashineni hawakutoka. Yule mweusi alikuwa amejibana chini ya tela la trekta, mkia katikati ya miguu. Shamsia na Nusrat walikuwa mbele, Getruda nyuma yao kidogo, akirekebisha kata chini ya beseni.

Mbwa alitokea upande wa bondeni. Wa manjano, mwembamba, hana mkanda wala mwenyewe. Alikuja akiyumba, taya limelegea, ute mrefu unaning'inia. Hakubweka.

Na Shamsia, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amefundishwa la kufanya, aliyaona mafundisho yote yakiruka kama ndege kwenye mpunga ulioanikwa juani. Alimnyakua mtoto akakimbia. Alikimbia akilia "Yallah, Yallah," kandambili moja ikamtoka. Mbwa akainua kichwa. Kilichokuwa kikiyumba kikanyooka.

Alichokiona alipogeuka alikiona vipande vipande. Dagaa wamemwagika chini, wanang'aa. Getruda amesimama katikati ya njia, beseni la bati amelikinga mbele ya mapaja. Meno yakagonga bati, sauti kama kijiko kwenye sufuria. Yakagonga tena. Mara ya tatu mbwa akapita juu ya ukingo wa beseni, akashika mkono. Getruda hakuuvuta. Alimsukuma mbwa na beseni lake na mkono wake wote mpaka ukutani, akaegemea hapo kwa uzito wa mwili, akamgandamiza, akisema kwa sauti ileile ya kukamua, "Mlinzi. Amka. Njoo na gongo."

Mlinzi alikuja na gongo. Nusrat alizibwa macho.

"Mtu yeyote asimshike mbwa huyo kwa mikono," Getruda alisema walipokusanyika waliosikia. "Mwiteni bwana mifugo." Kisha akamtazama Shamsia. "Mtoto amekwaruzwa?"

Walimkagua Nusrat toka unywele mpaka ukucha. Hakuwa na hata mkwaruzo. Damu ya Getruda ilikuwa ikidondoka kwenye pumba. Shamsia akachota udongo mkono mzima, akausogeza kwenye jeraha. Madrasa alifundishwa kwamba ute wa mbwa unaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, na katika hofu ile ndilo pekee lililobaki kichwani mwake.

Getruda alimshika kifundo cha mkono. "Udongo hapana, mwanangu. Maji na sabuni."

Hapo ndipo Shamsia alipokumbuka kwamba ustadhi alikuwa akisema habari ya chombo, siyo habari ya mkono wa mtu. Akatupa udongo, akakimbia dukani kuchukua kipande cha sabuni ya mche. Kulikuwa na bomba la kumwagilia pembeni ya mashine. Akaosha, povu likawa jekundu, kisha la waridi, kisha jeupe.

"Endelea," alisema Getruda. Alikuwa ameketi juu ya tofali, macho ameyafumba. "Mkono wako ukichoka, badilisha mkono. Wasikuambie limetakata. Endelea."

Shamsia aliosha mpaka vidole vyake vikakunjamana kama vya mfuaji nguo. Kichwa alikiinamisha ili machozi yaangukie kwenye maji.

*

Waliingia mjini, hospitali, wakakaa kwenye benchi refu wakisubiri. Nusrat alikuwa amesinzia mapajani. Ndipo Getruda aliposema, akiutazama ukuta:

"Usijilaumu kukimbia. Mimi nilifanya baya zaidi. Mimi nilimwambia mtoto akimbie."

Shamsia akamgeukia.

"Aliitwa Kija. Wa pekee. Miaka saba. Tulikuwa tunakaa kule nyuma ya Kisesa, njia ya Bujora. Mume wangu, Masalu, alikuwa mtu wa nyoka, hawa tunaowaita bayeye, wanaocheza na nyoka ngomani. Watu walitoka Magu kuja kumwona. Nilikuwa napalilia, Kija yuko kwenye tuta la mwisho, nikamwona mbwa anakuja hivyo hivyo, kimya. Nikapiga kelele: Kija, kimbia. Akakimbia. Mtoto wangu alikuwa msikivu sana."

Nesi alipita na faili, akaita jina la mtu mwingine.

"Alimshika mguu, hapa. Kijidonda kidogo. Sasa, nyumbani kwetu mtu akiumwa unafanya nini? Nyumba ya watu wa nyoka. Masalu ana jiwe lake jeusi. Unachanja kidogo, unaliweka, linanata lenyewe, linakunywa, likishiba linaanguka. Unalichemsha kwenye maziwa, maziwa yakitoa mapovu ujue sumu imetoka. Na yalitoa mapovu. Shemeji yangu Mashimba ndiye aliyechemsha. Tukashukuru. Siku ya tisa kidonda kimefunga, Kija anaruka kamba. Nani angekwenda hospitali kupeleka mtoto mzima?"

"Ikawaje, mama?"

"Wiki ya sita alisema mguu unawasha. Kesho yake nikampa maji ya kunywa, koo likajikaza. Aliyataka maji, Mama Nusrat. Aliyataka, na akiyaona anatetemeka. Siku ya tatu akafa." Aliupapasa ule mkono uliofungwa kitambaa. "Masalu hakuwa mtu mbaya. Alijua nyoka. Hakujua mbwa. Jiwe alimpa kaka yake, hakuligusa tena, na miaka miwili baadaye naye akafa. Mimi nikaja huku. Huku hakuna anayeniita Mama Kija."

"Nitakuita mimi," alisema Shamsia, polepole, asimwamshe Nusrat.

Nesi aliita jina la Getruda. Aliporudi, nesi akiwa nyuma yake, alimkabidhi Shamsia kadi. "Herufi zenyewe sizioni vizuri. Kaa nayo wewe. Na Mashimba akipata habari, atakuja."

*

Mashimba alikuja Jumapili. Jumatatu asubuhi Shamsia alipofika na kadi, akiwa amemwacha Nusrat shuleni kwa njia ya barabara kuu, alimkuta mzee ameketi kwenye kigoda mlangoni kwa Getruda, kofia gotini. Mfuko wa safari ulikuwa umefungwa, umesimamishwa pembeni ya mlango. Beseni la bati lilikuwa limefunikwa juu yake, meno ya mbwa yameacha vishimo ukingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kadi?"

"Ndiyo baba. Leo ni sindano ya pili."

"Amekwisha kuchomwa moja. Mtazame." Mashimba alionyesha kwa kidevu. Getruda alikuwa ndani, ameketi kitandani, mkono uko wazi. Kidonda kilikuwa kikavu pembeni, kimeanza kushika. "Kinafunga. Sasa ana haja gani ya kuchomwa mwili mzima kama gunia la pamba? Twende nyumbani akapumzike. Watu wake wako kule. Na hiki ninacho." Aligusa mfuko wa shati lake. Palikuwa na kitu kidogo kimefungwa kitambaa.

"Mama Kija," Shamsia aliita.

Mashimba aligeuka haraka kumtazama. Pengine alikuwa hajalisikia jina hilo likitamkwa na mtu mgeni.

Getruda hakuinua kichwa. "Labda anasema kweli," alisema. "Hakiumi tena. Usiku nimelala vizuri. Na ameendesha baiskeli toka Bujora kwa ajili yangu, mwanangu, na umri huu."

Hilo Shamsia hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa njia nzima kubishana na mzee, akayapanga maneno, na sasa aliyetaka kukimbia alikuwa Getruda mwenyewe. Mwanamke aliyejua kila kitu. Hakuwa msemaji, darasa la saba aliishia na kimya chake, na mbele ya wazee alikuwa na mazoea ya kusema ndiyo. Akachuchumaa pale mlangoni, chini ya usawa wa macho ya mzee, kama inavyompasa mtoto wa kike anayetaka kusema jambo zito.

"Baba, naomba niulize, usikasirike. Yule mbwa alikuwa ananifuata mimi. Mimi na mtoto wangu. Mimi nilikimbia, mama akasimama. Kwa hiyo hili ni langu pia." Akaishika kadi kwa mikono miwili. "Kidonda cha Kija kilifunga siku ya ngapi?"

Kuku alipita kati yao akidonoa dagaa mmoja aliyekauka. Mzee alimfuata kwa macho mpaka akaishia nyuma ya nyumba.

"Ya tisa," alisema mwishowe.

"Hiki kiko siku ya tatu."

Mashimba aliigeuza kofia gotini, akaigeuza tena. Alikuwa mtu wa nyoka, mikono yake ina makovu meupe ya tangu ujana. "Maziwa nilichemsha mimi," alisema, si kwa Shamsia. "Yalitoa mapovu. Nimechemsha maziwa tangu siku ile bila jiwe ndani, mayu, mama yangu. Yanatoa mapovu vilevile."

Ndani, kitanda kililia. Getruda alikuwa amesimama. Alikuwa akitafuta kandambili kwa mguu, macho yake yako kwa shemeji yake. "Hukuniambia hilo."

"Ningekuambia lini?"

Mzee alinyanyuka kwenye kigoda ili apishe mlango, na mfuko wa safari akausukuma ndani kwa mguu. "Nendeni. Nitakaa hapa niangalie nyumba. Mkirudi, jiwe nitaliweka tu juu. Halidhuru."

"Hutaliweka, shemeji," alisema Getruda.

"Basi nitakaa."

Walipopita bombani Gladness alikuwa palepale, ndoo mbili zimejaa. Aliutazama mkono wa Getruda, akaitazama kadi, akamtazama Shamsia. "Mama Nusrat, na wewe? Unaongozana naye?"

"Ninampeleka hospitali," alisema Shamsia. Miguu ilitaka kwenda, akaizuia. "Mbwa alikuwa ananifuata mimi, dada Gladness. Nilikimbia. Yeye akamzuia. Na hana dawa yoyote. Ana mtoto aliyekufa, kama ambavyo ungeweza kuwa naye wewe, au mimi."

Gladness akainama kuinua ndoo. "Poleni," alisema akiwa ameinama. Haikujulikana kama kesho angesema jingine.

*

Sindano ya pili ilichomwa saa tano. Nesi alipiga muhuri, akaandika Ijumaa kwa herufi kubwa. Walitoka nje wakakaa kwenye ngazi, kwenye kivuli kidogo cha ukuta, kwa sababu Getruda alitaka kupumzika. Kutoka pale ziwa lilionekana katikati ya mapaa, la kijivu, na mawe yake makubwa yamekaa juu ya mengine kama yamesahauliwa. Mtu mmoja alikuwa akiuza maji ya chupa. Shamsia alinunua moja, akaifungua, akampa.

Getruda alishika chupa kwa mkono mzima, akaitazama muda mrefu. Shamsia alijua anatazama nini, akatazama pembeni. Kisha akasikia akinywa, fundo moja, la pili, la tatu. Yalishuka.

"Ule mfuko niliufunga mwenyewe," alisema Getruda. "Usidhani ni Mashimba. Alfajiri niliamka, mkono hauumi, nikajisikia mzima, nikasema kwa nini niende tena kukaa kwenye lile benchi. Kumbe ndivyo ilivyo. Miaka yote hii nilikuwa nikisema tungejua tungempeleka. Na mimi najua, na nilikuwa narudi kijijini."

"Umekuja, mama."

"Nimekuja kwa sababu ulichuchumaa mlangoni." Alifunga chupa, akaishika mapajani. "Sikiliza, Mama Nusrat. Nina jambo nakuomba."

"Niambie."

"Ijumaa kidonda hiki kitakuwa kimefunga. Wiki ya nne hata kovu halitaonekana vizuri. Nitakuwa nauza dagaa zangu. Nitakuambia nina kazi. Nitakuambia nimepona, na nitalisema vizuri, utaamini, maana hata mimi nitakuwa naamini." Alimshika mkono, kwa mkono ule uliofungwa. "Usinisikilize. Njoo na kadi yako hivyohivyo. Na kama utakuta nimekwisha kwenda kijijini, njoo mpaka kule. Shuka Kisesa, uliza kwa Masalu wa nyoka, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Unikute shambani, unikute jikoni, unishike, unilete."